Staji Ng'ambo ya Ruzizi: Mwanafunzi wa Uvira Ugenini na Kiswahili Anachokibeba

1.0 Utangulizi

Masimulizi ya mwanafunzi aliyekwenda kusoma nchi za nje yamezoeleka kuanza uwanja wa ndege, kupita katika baridi kali, na kufikia lugha ambayo mgeni hakulelewa nayo. Kwa kijana wa Uvira, mji ulioko kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika katika Jimbo la Kivu Kusini, habari ni nyingine. Nchi ya nje kwake iko karibu kuliko makao makuu ya jimbo lake mwenyewe. Bujumbura iko umbali wa takriban kilomita 30 kutoka Uvira, ilhali Bukavu iko zaidi ya kilomita 100. Akielekea kusini kwa chombo cha majini, hufika Kigoma, nchini Tanzania. Na kote huko, sokoni, ufukoni na nyumbani kwa mwenyeji wake, hukuta Kiswahili, lugha aliyoizungumza tangu utotoni.

Hapo ndipo penye mushkili. Aendaye katika nchi ya lugha ngeni anajua kwamba hajui. Kwa hiyo huuliza, husikiliza na husamehewa. Aendaye mahali panaposemwa lugha yake hudhani anajua, na mwenyeji wake naye hudhani hivyo hivyo. Makosa yanayotokea baina yao hayapati wa kuyarekebisha, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya mkalimani. Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya kila siku ya mwanafunzi huyo awapo masomoni na katika mafunzo ya kazi ng'ambo ya mpaka. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti za Kiswahili cha pande hizi si jambo la kuchekesha tu. Zinagusa heshima ya mwanafunzi na usahihi wa elimu anayoikusanya.

2.0 Ziwa Moja, Nchi Nne

Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na kwa kina hicho ni la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Limegawanywa baina ya nchi 4: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu, huingia ziwani upande wa kaskazini, kati ya Uvira na Bujumbura; Mto Lukuga hutoka ziwani upande wa magharibi, pale Kalemie. Maji hayo hayajui mipaka, wala samaki waliomo. Kwa sababu hiyo, utafiti wa ziwa hili tangu mwanzo umewalazimu watafiti na wanafunzi kuvuka mipaka.

Uvira yenyewe ina historia ndefu katika utafiti huo. Taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati iliyojulikana kwa kifupi kama IRSAC, ambayo iliundwa na Wabelgiji mwaka 1947, iliweka Uvira kituo cha kuchunguza viumbe wa majini. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuitwa Centre de Recherche en Hydrobiologie, au CRH kwa kifupi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Kijapani wenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Kyoto walishirikiana na wenzao wa Uvira. Matokeo mojawapo ya ushirikiano huo ni makala ya Michio Hori katika jarida la Science mwaka 1993 kuhusu samaki alaye magamba ya samaki wenzake, ambaye kinywa chake huwa kimepinda ama kulia ama kushoto. Katika miaka ya 1990, mradi wa utafiti wa uvuvi ulioendeshwa chini ya FAO uliwaunganisha watafiti wa Uvira, Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Kuanzia mwaka 1998, Mradi wa Nyanza, ulioongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona, ulikuwa ukiwakusanya Kigoma wanafunzi wa Marekani pamoja na wanafunzi wa nchi za ziwa ili wajifunze utafiti kwa kuutenda.

Njia za masomo zilifuata pia njia za dhiki. Vita vilipofika Uvira mwezi Oktoba 1996, watu wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma, na mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 1997, meli ya Liemba iliwarudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira katika safari 22. Waliobaki Nyarugusu, na wengine waliofika baadaye, walisomesha watoto wao kwa mtaala wa Kongo na kwa lugha ya Kifaransa, katikati ya nchi ambayo shule zake za msingi hufundisha kwa Kiswahili. Mwezi Februari 2025, vita vilisukuma tena makumi ya maelfu ya watu kuvuka Ruzizi kuingia Burundi. Kwa hiyo mtu anapozungumzia mwanafunzi wa Uvira aliye ugenini, asisahau kwamba si kila mmoja alikwenda kwa barua ya kukubaliwa chuoni. Wako waliofika kwa mtumbwi, na masomo yakawafuata.

3.0 Bujumbura: Lugha Tatu kwa Siku Moja

Mpaka uwapo wazi, mwanafunzi anayesoma Bujumbura hupita Kavimvira upande wa Kongo, kisha Gatumba upande wa Burundi, halafu huvuka daraja la Ruzizi na kuingia mjini. Wako wanaokwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na wako wanaokaa kwa ndugu juma zima na kurudi Uvira Jumamosi. Kukaa kwa ndugu kuna nafuu yake na gharama yake. Chumba hakilipiwi, lakini mkaaji ni mtoto wa nyumba: hutumwa dukani, huteka maji, huwasaidia wadogo kuandika kazi za shule, na wageni wakija humpisha mgeni kitanda. Saa za kusoma hupatikana usiku, wengine wakishalala.

Upande wa masomo, mabadiliko si makubwa. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoundwa mwaka 1964, na vyuo vingi vya binafsi vilivyofunguliwa mjini tangu mwaka 2000, vimetumia Kifaransa kama ilivyo Kongo. Alama hutolewa juu ya 20, jambo alilolizoea. Lakini mhadhara ukiisha, Kifaransa hubaki darasani. Uani wanafunzi huongea Kirundi. Mwanafunzi aliyekulia katika Kifuliiru au Kivira hubahatisha maana ya maneno mengi ya Kirundi, kwa kuwa lugha hizo ni jamaa; aliyekulia katika Kiswahili peke yake hubaki akicheka wenzake wanapocheka, bila kujua kilichochekesha. Jioni akishuka mtaa wa Buyenzi, unaojulikana tangu zamani kwa wakazi wake Waswahili, hukuta Kiswahili tena, nacho kina ladha yake: kimechanganyika na Kirundi na kimeathiriwa na pwani ya mashariki ya ziwa kuliko kile cha Uvira.

Hivyo basi, kwa siku moja mwanafunzi huyo huandika kwa Kifaransa, husikiliza kwa Kirundi na kununua chakula kwa Kiswahili. Matokeo yake ni uchovu usioonekana katika cheti chochote. Aidha, matokeo yake ni ustadi usioonekana katika cheti chochote: huyo ndiye atakayetumwa na wenzake siku ya kuhoji wavuvi au wauguzi, kwa sababu anaweza kuzungumza na watu wa pande zote mbili za mto.

4.0 Kigoma: Mafunzo ya Kazi Mwaloni

Safari ya Kigoma ni ndefu zaidi. Anayekwenda kwa maji hupanda chombo katika bandari ya Kalundu; anayekwenda kwa barabara hupita Bujumbura, hufuata ufuko wa Burundi hadi kusini ya nchi hiyo, kisha huingia Tanzania kwa mpaka wa Manyovu. Akifika, jambo la kwanza linalombadilikia ni saa. Saa ya Uvira na Bujumbura iko nyuma ya saa ya Kigoma kwa saa 1, ingawa miji yote mitatu iko kando ya ziwa moja na jua huwachomozea karibu wakati mmoja. Akiambiwa afike mwaloni saa 12 asubuhi, hutarajia mwanga kama ule wa saa 12 ya kwao. Saa 12 ya Kigoma ni giza bado. Asiporekebisha saa yake, atafika wakati mitumbwi imekwisha kupakuliwa na samaki wamekwisha kuuzwa.

Jambo la pili ni jina la shughuli iliyomleta. Uvira husema amekuja kufanya staji, neno lililotoka katika Kifaransa. Vyuo vya Tanzania huandika mafunzo kwa vitendo, na wanafunzi wenyewe husema wako fildi. Mkenya angesema yuko atachimenti. Barua ya chuo chake inayotaja staji inaweza kusomwa mara tatu ofisini kabla ya mtu kutambua kuwa kijana huyu haombi ajira wala ufadhili, bali nafasi ya kujifunza kazi.

Jambo la tatu ni salamu. Uvira mtu humwamkia mzee kwa kusema "Jambo, papa," na kujibiwa "Jambo sana." Hiyo ni heshima kamili. Kigoma mzee hutarajia "Shikamoo," naye ajibu "Marahaba." Neno "Jambo," kwa Watanzania wengi, limekuwa salamu ya kumpa mtalii. Mwanafunzi akimwambia mvuvi mzee "Jambo, papa," mzee hatakasirika pengine, lakini atamweka katika fungu la wapita njia. Majibu atakayompa kuhusu nyavu zake na mavuno yake yatakuwa majibu ya kumridhisha mpita njia. Hali kadhalika neno "yaya." Mashariki ya Kongo, yaya ni kaka au dada mkubwa, na kumwita mtu hivyo ni kumpandisha. Tanzania, yaya ni mtumishi wa kulea watoto. Dada mwenyeji anayeitwa yaya na mgeni wake, katika nyumba anayoilipia kodi yeye mwenyewe, ana haki ya kushangaa.

Kazi ya mwaloni yenyewe ni rahisi kuielezea na ngumu kuitenda. Uvuvi wa samaki wadogo hufanyika usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki karibu na wavu. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo kalenda ya mwanafunzi hufuata mwezi, si tarehe za chuo. Alfajiri hupima uzito wa mavuno, hupima urefu wa samaki wachache kwa rula, huuliza mtumbwi ulikaa wapi na kwa muda gani, na huandika yote hayo kwenye fomu kabla wanunuzi hawajachukua mali yao. Kisha hurudi kituoni, hulala kidogo, na mchana huingiza takwimu.

5.0 Majina ya Samaki na Hatari ya Fomu

Ni katika fomu hiyo ndipo tofauti za Kiswahili zinapoacha kuwa mambo ya salamu. Samaki wadogo wa ziwa hili huitwa ndagala Uvira na Bujumbura, dagaa Kigoma, na kapenta Zambia. Jina lolote kati ya hayo, likitajwa sokoni, linaweza kubeba spishi mbili tofauti: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Samaki anayewawinda hao, Lates stappersii, huitwa mukeke Uvira na Bujumbura, mgebuka Kigoma, na bukabuka upande wa Zambia. Mwanafunzi wa Uvira akiandika "mukeke" katika fomu ya Kigoma, mwenzake atakayeijumlisha anaweza kufungua safu mpya kana kwamba ni samaki mwingine. Akiandika "dagaa" kwa kila kilicho kidogo na cheupe, spishi mbili zitakuwa moja katika hesabu, na watoto wa samaki wakubwa wataingia humo humo.

Hasara ya makosa hayo si ndogo. Mwaka 2003, watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walieleza katika jarida la Nature kuwa kupanda kwa joto la ziwa kumepunguza uzalishaji wa mimea midogo ya majini kwa takriban asilimia 20, hali ambayo ingeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30. Mwezi Juni 2003, nchi 4 za ziwa zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja. Mwaka 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Uamuzi wa namna hiyo huwanyima maelfu ya watu kitoweo na kipato kwa muda, na watu hao wanastahili kujua kuwa umetokana na hesabu sahihi. Hesabu hizo, mwanzo wake ni fomu iliyojazwa alfajiri na kijana aliyeinama juu ya beseni.

Historia ya ziwa lenyewe ina mfano wa jambo hili. Mwaka 1858, Richard Burton na John Hanning Speke walitaka kujua kama Ruzizi huingia ziwani au hutoka, kwa sababu jibu lilihusu chanzo cha Mto Nile. Speke alikuwa amekwisha kumhoji mfanyabiashara Mwarabu wa kisiwa cha Kasenge kwa kupitia Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao, naye akarudi na habari kwamba mto hutoka. Mwezi Aprili walipofika Uvira kwa mitumbwi, wenyeji waliwaambia kuwa mto huingia. Bombay alieleza hapo kuwa maneno ya mfanyabiashara yule yalikuwa hayakueleweka. Hawakuufikia mdomo wa mto, na mabishano yaliendelea Ulaya hadi David Livingstone na Henry Morton Stanley walipoupita kwa mtumbwi mwezi Novemba 1871 na kuona unaingia. Wenyeji wa Uvira walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Kilichopotea njiani ni tafsiri.

6.0 Maneno Yanayofanana, Maana Zisizofanana

Maneno mapya kabisa hayamsumbui sana mwanafunzi. Akisikia "kisamvu" kwa mara ya kwanza atauliza, ataonyeshwa sahani, na atagundua kuwa ni sombe ya nyumbani kwao. Akisikia "mkaa" ataambiwa ni makala. Akisikia "mchicha" ataambiwa ni lengalenga. Akisikia "ada" atatambua kuwa ni minervali. Yanayomkwaza ni maneno yaliyo ya pande zote mbili kwa sura lakini si kwa maana. Mifano ifuatayo inatosha:

(a) Masomo. Uvira neno hili humaanisha pia jengo la shule. "Niko ku masomo" ni "niko shuleni." Mtanzania husikia kuwa mtu yuko katika kozi.

(b) Kinga. Uvira, kama Burundi, ni baiskeli. Tanzania ni uwezo wa mwili kujikinga na maradhi. Mwanafunzi wa uuguzi aliyechelewa kazini akisema kuwa kinga yake imeharibika, wasimamizi watakaomsikia hawatafikiria gurudumu.

(c) Munganga. Uvira ni mtu yeyote aliyesomea utabibu, awe daktari au muuguzi. Tanzania lipo jina la cheo kama Mganga Mkuu, lakini katika mazungumzo ya kawaida "mganga" humleta akilini kwanza mganga wa kienyeji. Mwanafunzi anayejitambulisha kijijini kuwa anasomea uganga ataulizwa dawa za mapenzi.

(d) Kukamata. Uvira ni kuchukua au kushika kitu: "kamata kitabu hiki." Tanzania, hasa likihusu mtu, ni kutia nguvuni. "Walikamata mgonjwa wakamupeleka hospitali" ni sentensi ya huruma Uvira na ya polisi kwingineko.

Maneno haya hayana ubovu wowote. Kila upande umeyatumia kwa mantiki yake na kwa mahitaji yake. Lakini ndiyo yaletayo hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna anayeshtuka anapoyasikia. Mtu huuliza maana ya neno asilolijua. Neno analolijua halimpi sababu ya kuuliza.

7.0 Sarufi na Aibu

Zaidi ya maneno kuna sarufi. Mwanafunzi wa Uvira akiwa miongoni mwa wenzake husema "batoto banaenda ku masomo" pale Kiswahili sanifu kinaposema "watoto wanakwenda shule." Husema "niko mwanafunzi" badala ya "mimi ni mwanafunzi." Mtoto mdogo ni "katoto," na wakiwa wengi ni "tutoto." Maji ni "mayi," moja ni "moya," kuja ni "kuya." Darasani au ofisini ng'ambo ya mpaka, sentensi ya kwanza ya namna hiyo huleta kicheko, na mara nyingi kicheko kisicho na ubaya. Lakini mgeni huwa peke yake, na wanaocheka huwa wengi.

Kinachofuata hujulikana kwa walimu waliowapokea wanafunzi wa Kongo. Kijana aliyekuwa msemaji hodari kwao huwa mkimya. Huacha kuuliza maswali. Wako wanaoamua kusema Kifaransa na kila mtu, hata na mwenye duka, ili waonekane wageni kamili kuliko kuonekana Waswahili nusu. Wako pia wanaojifunza haraka kuigiza lafudhi ya Dar es Salaam, nao wakirudi Uvira huchekwa upya kwa kujifanya. Watoto waliokulia kambini Kasulu na kurudishwa Kongo walilijua jambo hilo kwa upande wake wa pili: "shikamoo" na "mkaa" viliwatambulisha kuwa ni watu waliotoka ng'ambo.

Wataalamu wa Kiswahili wana la kusema hapa, na ni la kisayansi kabla ya kuwa la huruma. Kiambishi ba- si kosa la kutamka wa-. Ni umbo la zamani la Kibantu ambalo limehifadhiwa katika lugha nyingi jirani, pamoja na Kirundi na Kifuliiru. Viambishi ka- na tu- vya udogo vimo katika lugha nyingi za Kibantu; Kiswahili sanifu ndicho kilichoviacha na kutumia ki- na vi-. Kuweka ku na mu mbele ya nomino, badala ya kuweka -ni mwishoni, nako ni utaratibu, wala si uzembe. Mzungumzaji wa Uvira hachanganyi ovyo. Hufuata kanuni ambazo msikilizaji wake hajafundishwa.

Sababu ya kutofautiana inajulikana pia. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, kwa msingi wa Kiunguja, ilihudumia Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji na haikuwamo. Kiswahili kilichofika kando ya ziwa kwa misafara ya biashara katika karne ya 19 kiliendelea huko kama lugha ya kuwakutanisha watu wa lugha mbalimbali: Wafuliiru, Wavira, Wabembe na wengineo. Kilijengwa sokoni, migodini, makanisani na kambini, huku Kifaransa kikikalia shule na ofisi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, lakini lugha rasmi ni Kifaransa. Hivyo mwanafunzi wa Uvira anaweza kufika chuo kikuu bila kuandika insha hata moja ya kitaaluma kwa Kiswahili. Akiambiwa Kigoma aandike ripoti fupi ya kijiji kwa Kiswahili, ugumu wake hautokani na kutojua lugha. Ni ugumu wa mtu ambaye hajawahi kuombwa aitumie kalamu katika lugha hiyo.

8.0 Yanayoweza Kutendwa

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kabla ya hapo, mwaka 2017, Jumuiya ilikuwa imetangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Matamko hayo yana maana iwapo mwanafunzi anayevuka mpaka atapokewa vizuri katika mambo madogo. Yafuatayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, vyuo na vituo vinavyopokea wanafunzi wa mafunzo ya kazi kutoka upande wa pili wa ziwa vitenge siku 1 au 2 za mwanzo kwa ajili ya lugha ya mahali: salamu, majina ya vyeo, majina ya samaki au ya maradhi, na saa. Kazi hiyo isifanywe na mgeni peke yake. Wenyeji watakaomsimamia nao wahudhurie, kwa kuwa nusu ya kutoelewana ni yao.

Pili, fomu zote za takwimu ziwe na jina la kisayansi pamoja na majina ya kienyeji ya nchi zote zinazohusika. Safu tatu za ziada katika karatasi ni rahisi kuliko kusahihisha hesabu za mwaka mzima.

Tatu, kila mwanafunzi aliye ugenini ahimizwe kuwa na daftari la maneno lenye sehemu 3: neno, maana yake kwao, na maana yake hapa. Daftari la namna hiyo humgeuza kutoka mtu anayechekwa kuwa mtu anayekusanya. Idara za Kiswahili ziyapokee madaftari hayo na kuyahifadhi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na zilizoifuata, hazikutungwa kwa kukusanya maneno ya Uvira, na msomi wa leo anayetaka kujua mukeke ni samaki gani hana budi kumwuliza mtu aliyemla.

Nne, walimu wa Kiswahili wafundishe usanifu bila kudharau lahaja na vilugha. Mwanafunzi wa Uvira anahitaji Kiswahili sanifu ili asome, aandike na asikilizwe kutoka Lamu hadi Kalemie, na hakuna faida ya kumficha hitaji hilo. Lakini atakipokea upesi zaidi akiambiwa kuwa anaongeza Kiswahili cha pili juu ya kile alicho nacho, kuliko akiambiwa kuwa yote aliyoyasema maisha yake yote yalikuwa makosa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ugeni wa mwanafunzi wa Uvira katika nchi jirani hautokani na umbali wala na lugha asiyoijua. Unatokana na lugha anayoijua, ambayo jirani yake anaijua kwa namna nyingine. Imeonekana kuwa tofauti hizo hugusa salamu, nyumba ya kulala, saa ya kufika kazini, barua ya chuo, fomu ya mvuvi na maneno ya mgonjwa. Imeonekana pia kuwa mwanafunzi huyo, akishayazoea mazingira yake mapya, huwa na kitu ambacho wengi wa wasimamizi wake hawana: uwezo wa kusikia neno moja kwa masikio mawili, la Uvira na la Kigoma, na kutambua pale maana zinapoachana. Utafiti wa ziwa lenye nchi 4 unamhitaji mtu wa namna hiyo. Ni wajibu wa vyuo kuhakikisha kwamba hafundishwi, kabla ya jambo lingine lolote, kunyamaza.